Barua ya wazi kwa wazee wa makanisa yanayotutuma

Kwa maaskofu, wachungaji, wazee wa kanisa, waweka hazina na wajumbe wa kamati za misioni,



Nawaandikia kutoka Moshi, nyumbani kwa mama yangu, katika mwezi wa kumi na tatu wa kipindi cha kuwa nyumbani kilichopangwa kiwe cha miezi sita. Mimi na mke wangu, ambaye ni muuguzi, tulifanya kazi miaka mitano kaskazini mwa Madagaska. Tumepangiwa kurudi kisiwani humo, safari hii upande wa Mahajanga, kwenye pwani inayotazamana na Msumbiji. Mabegi yamefungwa tangu Agosti. Kinachotushikilia hapa ni ahadi za kila mwezi ambazo hazijafika kiwango kinachotakiwa, na bila kiwango hicho tiketi haikatwi.

Kanuni hiyo naikubali. Nimewahi kumpokea mwenzetu wa nchi jirani aliyeondoka kwao kwa imani kubwa na bila ahadi za kutosha. Tulimkuta na mkewe na mtoto mchanga katika chumba kimoja, wanadaiwa kodi ya miezi minne, na makaratasi ya kuishi nchini yamekwisha muda wake. Alitaka kuhubiri lakini alikuwa anajificha. Kwa hiyo nikiambiwa nisubiri mpaka hesabu itimie, nasubiri. Ninachotaka kusema nanyi ni jinsi hesabu hiyo inavyotafutwa katika makanisa yetu, kwa sababu naamini tunaweza kuitafuta vizuri zaidi.

Kwanza niondoe dhana moja. Tangu tulipofika, kila tunapokwenda tunaulizwa likizo inakwisha lini. Ndugu zangu, tulipumzika wiki tatu. Mke wangu alifanyiwa upasuaji uliokuwa ukiahirishwa kwa miaka miwili. Watoto walianza shule ambako Kiswahili chao kilichekwa, maana mtoto wetu mdogo huota kwa Kimalagasi. Baada ya hapo nimekuwa barabarani: Arusha, Babati, Singida, Dodoma, Morogoro, Tanga, na kurudi. Nimelala kwenye nyumba za wachungaji, kwenye madarasa ya watoto, na usiku mmoja stendi. Paulo na Barnaba walipomaliza safari yao ya kwanza walirudi Antiokia, kwenye kanisa lililowawekea mikono, wakalikusanya na kuwasimulia yote yaliyotendeka, kisha wakakaa nao siku nyingi. Ndiyo kazi ninayoifanya. Nimerudi kwa walionituma kutoa hesabu, na kuuliza kama bado tuko pamoja.

Sasa nisimulie Jumapili moja, ambayo ingeweza kuwa ya usharika wowote. Nilifika na basi la usiku. Ibada ilikuwa nzuri, kwaya mbili ziliimba, matangazo yakawa marefu. Ilipokaribia saa sita mchungaji akasema, "Tuna mgeni wetu kutoka Madagaska, aje asalimie kanisa, dakika tano." Nilikuwa nimebeba miaka mitano. Nilikuwa na habari za kijiji ambacho mwaka wa kwanza walitufungia milango, na mwaka wa nne wakamleta kwetu mama aliyekuwa na uchungu wa kuzaa usiku wa mvua. Nilikuwa na habari za kijana aliyebatizwa akakataliwa na ukoo wake, na za makosa yangu mwenyewe katika jambo hilo, ambayo nilitaka wazee wanisaidie kuyafikiri. Nilisalimia, nikataja nchi, nikashukuru. Nje kwenye mnada wa sadaka mzee mmoja alimnunua jogoo kwa shilingi 40,000 kisha akamkabidhi mke wangu. Tulilia wote wawili, kwa upendo wa mzee yule. Lakini hakuna mtu aliyeniuliza swali hata moja, na tulipoondoka hakuna aliyejua tunahitaji nini kwa mwezi.

Simlaumu mchungaji yule. Ratiba ya ibada yetu ina nafasi ya mgeni anayesalimia, haina nafasi ya mjumbe anayerudi kutoa taarifa kwa waliomtuma. Nafasi hiyo ni ninyi mtakaoitengeneza.

Jambo kubwa zaidi ni harambee. Katika kipindi hiki makanisa mawili yalitufanyia harambee, na moja lilikusanya shilingi 2,400,000 kwa siku moja. Watu walicheza, walituzunguka na vitenge, wakapiga picha. Fedha ile ililipa gharama za hospitali na sehemu ya nauli, na mpaka leo naishukuru. Ila tangu siku ile, miezi kumi sasa, kanisa lile halijatuma hata ujumbe wa simu. Walishatoa. Kwao kazi imekwisha.

Nimpe nafasi mama mmoja wa Tanga anayeuza vitumbua asubuhi na samaki jioni. Jina lake silitaji kwa sababu aliniomba nisilitaje. Tangu tulipoondoka mara ya kwanza hutuma shilingi 10,000 kila tarehe tatu kwa simu, isipokuwa mwezi mmoja aliopata msiba wa mume, na mwezi uliofuata akatuma 20,000 bila maelezo. Kwa miaka mitano hiyo ni shilingi 600,000. Ni robo ya ile harambee. Lakini niwaambie ilifanya nini. Mweka hazina wetu aliweza kuiandika kwenye bajeti kabla haijaingia. Ilikuwa sehemu ya pango la nyumba tuliyokaa, na mwenye nyumba hakuwahi kuja kugonga mlango. Baada ya kutuma, mama yule hunirekodia sauti: mtoto yule mwenye kifafa anaendeleaje, yule mzee amekubali kusoma, mvua imekatika huko? Anawajua watu wa kule kwa majina yao ya Kimalagasi, anayatamka kwa shida na kwa upendo. Nilipofika kwake Julai alinitolea daftari ambamo ameandika maombi yetu tangu mwaka wa kwanza, kila ombi na tarehe, na pembeni alama ya vema kwa yaliyojibiwa. Mengine bado hayana alama. Tulikaa hadi usiku tukiyapitia yale yasiyo na alama.

Wazee wangu, kama ningekuwa na akina mama kama huyu themanini nisingekuwa Moshi leo.

Maisha ya mmishenari hulipwa kwa mwezi. Pango, chakula, ada za watoto, dawa za zahanati, bima, nauli za vijijini, posho ya mwenzetu mwenyeji anayetufundisha lugha, mchango mdogo wa uzeeni ambao wengi wetu tunauacha kwa aibu kisha tunazeeka mikononi mwa watoto. Viza na tiketi hulipwa kwa fedha za kigeni, na hapa ahadi ya shilingi huliwa kimyakimya. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300. Kufikia katikati ya 2024 ilishapita 2,600. Mtu aliyetuahidi 50,000 alizitoa zote kwa uaminifu, na bado kilichofika kilikuwa pungufu bila yeye kukosea popote. Ongezeni hapo waliohama mji, waliopoteza kazi, waliobadilisha laini ya simu, na mchungaji aliyetupenda akahamishiwa usharika mwingine pamoja na kumbukumbu zote za kichwani mwake. Hivyo ndivyo mmishenari anavyoondoka na asilimia mia na baada ya miaka mitatu akajikuta na sitini. Hakuna aliyemsaliti. Hakuna aliyekuwa na kazi ya kuangalia.

Machi 2024 kimbunga Gamane kilipiga kaskazini mwa Madagaska. Mimi nilikuwa ndani ya basi la kwenda Singida. Simu zilianza kuingia: maji yameingia, paa limekwenda, mpunga umelala. Watu niliokula nao wali miaka mitano waliniuliza tutafika lini, na mimi nilikuwa nakwenda kuomba dakika tano. Sijui kama naweza kuwaeleza uzito wa saa zile.

Mtaniambia watu wetu ni maskini, hawawezi ahadi za kila mwezi. Nimeketi kwenye vikao vya harusi mwaka huu, maana nimerudi nyumbani na nina ndugu. Nimeona kamati ikiundwa jioni moja: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kadi za mtu mmoja na kadi za wawili, kundi la WhatsApp, na kila usiku orodha inapandishwa yenye jina, ahadi, alicholipa na baki. Anayechelewa anapigiwa simu kwa adabu. Anayekwama anasema, na anaongezewa muda. Ndani ya wiki sita mamilioni yanapatikana kutoka kwa walimu, wauza nyanya na madereva wa bodaboda. Kwa hiyo tunajua kuahidi. Tunajua kufuatilia, na tunajua kutoa taarifa kila usiku. Sijawahi kuona usharika ukiwa na katibu wa ahadi za misioni anayefanya nusu ya kazi hiyo, na sioni sababu ya kutokuwa naye.

Swali la pili ninaloulizwa, na mara nyingi huulizwa pembeni, mkono begani: "Wewe si una wazungu wako?" Sina. Nami nawaomba muondoe swali hilo vinywani mwetu, kwa sababu limejengwa juu ya kutojua nani aliwalipia wale waliokuja kwetu. Tunadhani walitumwa na matajiri na serikali. Baadhi walisaidiwa na wakubwa, ni kweli. Lakini chama cha misheni cha CMS, kilichomtuma mmishenari Krapf akafika Mombasa mwaka 1844 na kumzika huko mkewe na mtoto mwaka huohuo, kilijengwa pia na vikundi vya watu waliotoa peni moja kwa wiki. Wabatisti wa Uingereza walipoanzisha chama chao mjini Kettering mwaka 1792, kilichokusanywa siku ile kilikuwa pauni 13 na ushee, na hazikuwa fedha mkononi. Zilikuwa ahadi zilizoandikwa kwenye vikaratasi. Kwa ahadi hizo na nyingine zilizofuata, William Carey alikwenda India mwaka uliofuata.

Na hata wao walirudi nyumbani kusimulia. Krapf alirudi Ulaya mwaka 1850 kueleza kazi ya Rabai, karibu na Mombasa, na kuomba watu zaidi. Livingstone alipokuwa nyumbani alizungumza chuoni Cambridge, Desemba 1857, na kutokana na mwito ule ukazaliwa umisheni wa vyuo vikuu, UMCA, uliohamia Unguja mwaka 1864. Krismasi ya 1873 waliweka jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa. Anayesali pale leo anasali ndani ya matunda ya kipindi cha mtu kuwa nyumbani akizungumza na waliobaki. Fikirini kama wangempa dakika tano.

Kwetu Kilimanjaro kuna historia iliyo karibu zaidi. Wamishenari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaja, fedha za Ujerumani zikakatika, na hatimaye, mwaka 1920, wamishenari Wajerumani wakaondolewa nchini. Walimu na wazee Wachaga walishika makanisa. Ndizi, kahawa, mikono yao na miguu yao viliendesha kazi. Babu zetu walipoachwa bila fedha ya nje hawakusema kazi ni ya wenyewe. Sisi wajukuu tuna simu mkononi zinazotuma fedha kwa sekunde tatu.

Wengine wananiuliza, tena kwa moyo safi, kwa nini Madagaska wakati kuna vijiji vya hapahapa havijasikia. Jibu langu ni fupi: pelekeni watu vijijini pia, na walipeni. Sijaona kanisa lililoacha kutuma ng'ambo likaongeza wainjilisti vijijini kwa fedha hiyo. Na Madagaska si mbali kama ramani ya shuleni ilivyotufanya tuamini. Ng'ombe kule ni omby, kuku ni akoho, mbwa ni amboa. Pwani ya magharibi wako Wamakoa, wazao wa Wamakua waliovushwa kwa majahazi wakiwa watumwa kutoka upande wetu huu wa bara. Mzee mmoja aliponisikia nikizungumza Kiswahili na mke wangu alisimama, akanishika mkono, akasema maneno mawili ya bibi yake ambayo hakujua tena maana yake. Nilimwambia maana. Huyo ndiye ninayetaka kurudi kwake kabla hajafa.

Nami sitakuwa wa kwanza kurudi. David Jones na Thomas Bevan wa Wales walifika kisiwani mwaka 1818, kisha wakaleta familia zao. Homa iliwaua wote ndani ya miezi michache isipokuwa Jones. Alikwenda Morisi kuuguza mwili, kisha mwaka 1820 akarudi Madagaska. Biblia nzima ya Kimalagasi ilikamilika mwaka 1835. Waliompokea alipokuwa mgonjwa na waliomwezesha kurudi wana sehemu katika Biblia ile.

Niseme jambo moja ambalo sisi wamishenari huwa tunalificha. Kuomba kunatuumiza. Nimelelewa kujitegemea, baba yangu alikuwa fundi seremala na alituambia ombaomba ni mtu aliyekata tamaa. Nikisimama mbele ya watu na picha za kazi, nasikia sauti yake. Jamaa zangu nao wananitazama kama mtu aliyetoka ng'ambo na anayepaswa kuleta, siyo kuchukua. Mama yangu anahitaji dawa za presha kila mwezi, na kuna mwezi alinunua mwenyewe kwa kuuza ndizi, akanificha risiti. Mke wangu aliipata chini ya kitambaa cha meza. Nilichojifunza kwa taabu ni kwamba Paulo aliandika wazi kwa Warumi kwamba anatumaini wamsindikize kwenda Hispania. Aliwashukuru Wafilipi waliomtumia mahitaji zaidi ya mara moja, naye akakiita walichokitoa sadaka kwa Mungu, akasema hakitafuti kwa ajili yake mwenyewe. Hakuona haya, kwa sababu aliamini wako kazini pamoja naye. Haya yetu inatokana na kuachwa peke yetu. Kanisa linapomtuma mtu kisha likamwacha atembee mlango kwa mlango, ndilo linalomfanya aonekane ombaomba.

Kwa hiyo naomba haya. Katika bajeti ya usharika, mtaa au dayosisi, wekeni fungu la misioni la kila mwezi lenye jina la mtu au familia, hata kama ni shilingi 30,000, na lilipwe kama mshahara wa mwinjilisti unavyolipwa. Mteueni mtu mmoja, na ningependa awe yule mama au kijana aliyewahi kuwa katibu wa harusi, ashike orodha ya ahadi za waumini na kutusomea kila baada ya miezi mitatu. Mmishenari anaporudi, mpeni Jumamosi nzima au jioni ya katikati ya wiki na baraza la wazee. Mumuulize maswali magumu, pamoja na ya fedha, pamoja na ya makosa. Mpeni mtu wa kumsikiliza mkewe na watoto wake, maana hao huwa hawaitwi mbele. Harambee ifanyeni kwa ajili ya nauli, pikipiki, paa lililoezuliwa na kimbunga. Chakula cha mwezi kisiachiwe harambee.

Na kama hamwezi, tuambieni hamwezi. Ninazo barua kumi na saba nilizopeleka kwa mkono, zikagongwa muhuri wa kupokelewa, na hazijajibiwa. "Hapana" ningeipokea, nikaomba pamoja nanyi, nikaenda kwingine mapema. Ukimya ndio umekula miezi saba ya mwaka huu.

Kwa wachungaji wanaohamishwa nina ombi la pekee: katika makabidhiano, pamoja na funguo, stakabadhi na vitabu vya ubatizo, mwandikieni mwenzenu majina ya watu waliotumwa na usharika huo na walipo. Ni mstari mmoja kwenye karatasi.

Hesabu yetu leo imefika asilimia sabini na nane. Kilichobaki ni ahadi za familia thelathini za shilingi 20,000, au sharika kumi za 60,000. Mvua za kule zinakwisha Aprili, barabara zinapitika, na nyumba tuliyoahidiwa Mahajanga itashikiliwa mpaka mwisho wa mwezi huo. Nipo tayari kuja kwa kikao chochote cha wazee, siku yoyote, kwa nauli yangu. Nipangieni saa moja, na aje mweka hazina na daftari lake.

Ndimi mtumwa wenu katika kazi ya Injili,
Moshi